Folda ya kushea: funga mlango wa nje kwanza

Mkuu, umeuliza kama folda uliyoifungua ili laptop ya shemeji ivute picha kutoka kompyuta ya sebuleni inaweza kuchunguliwa na mtu wa intaneti. Ukiwa nyuma ya ruta (kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani), mara nyingi hapana. Ruta haipitishi mgeni kutoka nje mpaka uiruhusu. Sasa ingia kwenye mipangilio yake uangalie kama fundi aliyekuwekea ruta aliacha wazi poti 445, yaani mlango ambao Windows huutumia kushea mafaili. Ukiikuta, ifunge leo hii. WannaCry, kile kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, kilipita humo humo, kwa SMB (njia ya Windows ya kushea mafaili) toleo la 1, kwa hiyo hilo toleo lizime kabisa kwenye Windows.

Mimi hapa Nyegezi niliumbuliwa na mtu wa ndani. Nilimpa jirani nywila ya Wi-Fi aangalie mpira, baada ya wiki nakuta folda ya hesabu zangu za dagaa imejaa singeli! Niliiacha wazi kwa kila mtu, na ruhusa ya kuandika juu. Weka jina na nywila, ruhusa iwe ya kusoma tu.

Ukienda na laptop mgahawani, Wi-Fi ya pale ichague kama mtandao wa umma, kwa kawaida kushea kutajizima.