Rangi imepasuka kwenye modeli ya Rolls-Royce ya 1/24, bodi inaokoleka?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga. Mjomba wangu aliyeko Ujerumani aliniletea seti ya plastiki ya kuunganisha ya Rolls-Royce Phantom II, skeli ya 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari la kweli. Nilienda duka la rangi za magari nikachanganyiwa maruni, nikailainisha na thina ya kawaida nikapuliza kwa ebrashi (kile kibomba kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa). Haikupita muda paa na boneti vikatoka mipasuko midogo midogo kama tope lililokauka, afu ubavuni rangi ikaweka weupe kama ukungu. Na hata pale ilipokaa vizuri gari bado linaonekana toi tu, kromu inang'aa mno. Bodi ndo imekufa? Na nyie mnafanyaje mpaka linaonekana gari la kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, najua inavyouma ukiona kitu ulichokisubiri miezi kinapasuka mbele ya macho yako. Bodi haijafa. Ila hapo una magonjwa mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Mipasuko imeletwa na thina. Plastiki ya hizi seti ni polistirini, na thina ya magari imetengenezwa kwa ajili ya bati, ina vimiminika vikali vinavyoyeyusha polistirini kabisa, na ukiangalia vizuri hata gundi ya kuunganishia vipande inafanya kazi hivohivo, inayeyusha plastiki mbili zikashikana, sasa we ni kama umeipaka bodi nzima gundi nyepesi. Plastiki iliyomwagwa kwenye moldi inabaki na mvutano ndani yake, hasa kwenye kingo na pale plastiki ilipoingilia, kwahiyo thina ikifika hapo inaachia na kupasuka. Ndo maana paa limeumia kuliko milango.

Ule weupe ni unyevu. Thina inayokauka haraka inapoza uso wa bodi, hewa ya pwani imejaa maji, maji yanatua kama umande juu ya rangi mbichi. Mimi nipo Dar, wakati wa masika sipulizi kabisa asubuhi wala usiku, nasubiri saa nane mchana jua likiwa kali, au natumia thina ile inayokauka polepole. Kama weupe ni wa juu tu, mara nyingi unaondoka ukipuliza ukungu mwembamba wa hiyo thina ya polepole peke yake. Ila kwako usihangaike nao maana rangi yote inavuliwa.

Kuvua tumia mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, sio DOT 5 maana hiyo ni ya silikoni, haivui kitu. Kwanza jaribu kwenye ile fremu inayoshika vipande, ipake rangi hiyohiyo, itumbukize usiku mmoja uone plastiki inasemaje. Ikiwa salama weka bodi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, vaa glovu, kila baada ya masaa kadhaa isugue taratibu na mswaki mlaini wa zamani. Rangi itatoka kama ngozi. Osha na sabuni ya vyombo mara mbili au tatu, afu iache ikauke siku kadhaa, usiwe na haraka hapo kwa sababu plastiki iliyokunywa thina huwa dhaifu, ukiikamata vibaya nguzo za kioo cha mbele zinakatika.

Mipasuko utaikuta bado ipo, usishtuke, hiyo imeingia kwenye plastiki yenyewe. Piga msasa wa maji namba 600 mpaka uso ulingane, ile iliyozama ndani jaza na puti laini ya plastiki, malizia na 1000. Kabla ya praima (rangi ya kwanza ya kushikia) chukua mgongo wa wembe upitishe taratibu kwenye mistari ya milango, bawaba ya boneti na yale matundu ya ubavuni, kwa sababu msasa umeifukia na praima itaimalizia. Mstari wa mlango ukizibwa na rangi, gari limekwisha, hakuna kingine kitakacholiokoa.

Na hapo ndo jibu la swali lako la pili linapoanzia. Fikiria unene. Rangi ya unene wa 0.1 mm kwenye skeli ya 1/24 ni sawa na gari kubwa kupakwa rangi ya 2.4 mm! Hakuna gari la hivo duniani. Jicho la mtu halijui hesabu hiyo ila linaiona, linaona kingo zimekuwa za mviringo na mistari imejaa, linasema toi. Kwahiyo kazi yetu yote ni kufanya kila kitu kiwe chembamba.

Tafuta praima ya plastiki, hiyo ndo ngao yako, puliza nyepesi sana mara tatu. Rangi nunua ya akriliki ya modeli pamoja na thina yake yenyewe, ilainishe mpaka iwe kama maziwa, presha psi 15 mpaka 20, umbali kama sentimita 10 au 15. Pasi za kwanza ziwe vumbi tu, bodi isifunikwe, unapiga unaacha dakika 10 unarudia. Pasi ya mwisho tu ndo inalowa. Maruni ni chaguo zuri na madigadi meusi yatakaa vizuri sana, ila usishawishike na rangi yenye chembe za metaliki, chembe zake kwenye 1/24 zinakuwa kama kokoto. Hizi Phantom II zilitoka kuanzia 1929 mpaka katikati ya miaka ya 1930, Rolls-Royce walikuwa wanauza chasisi na injini, bodi mteja anaenda kuijengesha mwenyewe kwa mafundi kama Hooper, Barker au Park Ward, kwahiyo rangi na umbo vilitofautiana gari hadi gari, una uhuru mkubwa.

Subiri wiki nzima. Kabla ya kung'arisha ilete bodi puani, kama bado inanuka rangi haijakauka, irudishe kabatini. Ikiacha kunuka pitisha msasa wa maji 2000 kidogo sana, afu kompaundi laini (dawa ya kung'arishia) na kitambaa cha fulana, na kaa mbali na kingo za madigadi maana hapo rangi inaisha kwa mikupuo miwili mitatu. Klia (ile rangi ya juu isiyo na rangi) ya gereji inayochanganywa na hadena ya kuikausha usiguse kama huna barakoa ya filta maalumu, ya kitambaa haikusaidii chochote, ule mvuke unaharibu mapafu.

Sasa kromu. Ile ya kiwandani ni alumini iliyorushwa juu ya lakari, inaviringisha kingo zote, na rejeta ya Rolls-Royce inatakiwa iwe na kingo kali kama hekalu la Ugiriki. Ivue. Tumbukiza kwenye jiki, mara nyingi ndani ya saa moja imeshatoka, fungua madirisha na usichanganye jiki na kitu kingine chochote, si siki wala sabuni ya choo. Kwangua ile mistari ya moldi, paka nyeusi inayong'aa, ikikauka kabisa ndo upulize rangi ya kromu, nyembamba mno, weusi wa chini uchungulie. Hapo wengi wanabisha ila nenda kaangalie kromu ya gari lolote lililopaki nje, utaona nusu yake ni nyeusi, kwa sababu inaakisi ardhi chini na anga juu. Rangi ya fedha peke yake haina huo weusi. Katikati ya zile bapa za rejeta pitisha wino mweusi mwepesi kwa brashi namba 0, ufute kwa kidole kabla haujakauka, weusi ubaki ndani tu. Rejeta inapata kina palepale, mimi nikifika hatua hiyo huwa nasimama kwanza naiangalia.

Fremu za madirisha usipake, bandika foili nyembamba ya kujibandika, isugue na kijiti cha meno mpaka ishike kona, kata na wembe mpya. Sio wa jana, mpya. Vyuma vya chini, springi na ekseli, viache na rangi ya chuma iliyofifia, vyote viking'aa sawa jicho halijui pa kutua. Na siku ukija kujenga Silver Ghost, Rolls-Royce ya zamani zaidi, au gari lingine la kabla ya miaka ya 1920 kuisha, kumbuka mengi yalikuwa na nikeli, ile ina unjano kwa mbali, tone moja la rangi ya kahawia kwenye klia linatosha.

Anza na ile fremu kwenye mafuta ya breki leo usiku, ukishavua bodi piga picha ya paa kwenye mwanga wa ubavuni unitumie, nikuambie mipasuko ipi ni ya msasa na ipi ni ya puti.