Swali la lugha: Kusi inatoka kusini au inaenda kusini?

Msomaji wetu mmoja wa Kigamboni katuandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Mimi nauza samaki, kwahiyo kila jioni nafuatilia utabiri wa hali ya bahari nijue kesho boti zitatoka au la. Kinachonichanganya ni majina ya pepo. Baba mkwe wangu, mvuvi wa zamani, anasema huu upepo wa Januari ni kaskazi. Mdogo wangu anabisha, anasema ni kusi, akanionyesha kwenye simu mshale wa upepo umeelekea kusini kabisa. Halafu huko kwenye redio mmoja anasema upepo wa kusi, mwingine upepo wa kusini. Nani yuko sahihi? Na wakisema bahari imechafuka wanamaanisha taka au mawimbi?"

Marahaba mwanangu. Baba mkwe yuko sahihi, na mdogo wako mshale kausoma vizuri tu ila kautolea jina visivyo. Upepo unaitwa kwa kule unakotoka, sio kule unakokwenda, na hii sio ya Waswahili peke yetu, mabaharia na wataalamu wa hali ya hewa dunia nzima ndivyo wanavyofanya. Sasa hizi apu za simu nyingi zinachora mshale kufuata mwendo wa upepo, yaani ncha ya mshale ni kule upepo unakoenda, wakati maandishi ya pembeni yanataja kule unakotoka. Mtu akiangalia mchoro bila kusoma maandishi anageuza dunia juu chini. Mwezi wa kwanza upepo wa pwani yetu unatoka kaskazini mashariki, unashuka kwenda kusini, mshale lazima uelekee chini, na jina lake ni kaskazi.

Ila mimi nataka uwe na ushahidi wa ndani ya lugha yenyewe, usiniamini tu kwa sababu umeniita mwalimu. Chukua neno kaskazini. Ukiling'oa lile -ni la mwisho unabaki na kaskazi, ambayo ni upepo. Kusini nayo ukiing'oa -ni unabaki na kusi, upepo tena. Hiyo -ni ndiyo ileile ya nyumbani, shambani, sokoni, na hata ya pwani, maana pwani ni pale maji yanapopwa. Kwahiyo kaskazini ni mahali pa kaskazi, kusini ni mahali pa kusi. Kilichotangulia ni upepo, jina la upande wa dunia likafuata. Sasa jiulize, kama upepo ungekuwa unaitwa kwa kule unakoenda, basi pale kaskazi inapokwenda pangeitwa kaskazini, na leo Mtwara ingekuwa kaskazini na Lamu ingekuwa kusini! Haiko hivyo. Kaskazini ni kwao kaskazi, ndiko inakotokea.

Mimi hili jambo huwa linanigusa sana kwa sababu lugha nyingi zinataja pande za dunia kwa jua peke yake, sisi pande mbili tumezipata kwa upepo. Mashariki na magharibi tumechukua kwenye Kiarabu, ni kuchomoza na kuchwa kwa jua, ndio maana hayana -ni na usije ukaandika masharikini. Kaskazini na kusini ni za watu waliokuwa wanaishi kwa tanga. Na zimesafiri mbali sana, angalia Kivu Kaskazini na Kivu Kusini kule Kongo, mikoa isiyo na hata tone la maji ya bahari, imebeba majina ya pepo za pwani.

Zamani pwani kulikuwa na majina mengine pia ya pande hizi, na wazee wachache bado wanayo. Kaskazini iliitwa kibla, kwa sababu kutoka Unguja, Mombasa au Lamu mtu akielekea Makka anaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kusini iliitwa suheli, jina la nyota kubwa ya upande ule ambayo manahodha walikuwa wanaiangalia usiku. Ukikutana na hayo kwenye tenzi za zamani usidhani ni makosa.

Haya turudi kwenye redio. Upepo wa kusi na upepo wa kusini sio kitu kimoja, japo mara nyingi vinakutana. Kusi ni upepo wa msimu, una miezi yake na tabia zake. Unaingia kuanzia Aprili hivi, unakaza hasa Juni mpaka Agosti, kisha unalegea kuelekea Septemba na Oktoba. Kaskazi inashika kuanzia Desemba mpaka Machi. Upepo wa kusini ni upepo wowote unaotokea upande huo, hata kama ni wa saa mbili tu kwenye mvua ya Februari. Kwahiyo mtu anaweza kusema "leo kumevuma upepo wa kusini" katikati ya kaskazi na asiwe amekosea, ila akisema "leo kumevuma kusi" mwezi wa pili, mvuvi atamshangaa. Na ukiwa Unguja "upepo wa kusini" unaweza hata kueleweka kuwa ni upepo wa huko Mkoa wa Kusini, Makunduchi na Paje, ndio maana mimi napenda mtangazaji aseme "upepo unaotoka kusini" kama anataja upande, na "kusi" kama anataja msimu.

Kuna sababu nyingine kubwa ya kutozichanganya. Kusi hautoki upande mmoja safari nzima. Kwetu Mtwara mpaka Dar es Salaam unatoka zaidi kusini mashariki, ukifika karibu na ikweta unanyooka kutoka kusini, ukivuka ikweta unapinda na kuwa upepo wa kusini magharibi unaokwenda Arabuni na Bara Hindi, kwa sababu dunia inazunguka na kila kinachosafiri mbali juu yake kinapindishwa. Ni upepo uleule mmoja, unaovutwa na joto la Asia wakati wao ni kiangazi, na ndugu zetu walioko Oman wanaujua kwa kazi nyingine, ndio huo unaoleta manyunyu na ukungu Salalah kuanzia Juni mpaka Septemba, wao wanaita kharifi. Miezi ya Desemba Asia inapoa, hewa yake nzito inarudi huku kwetu, hiyo ndio kaskazi. Sasa ukiutafsiri kusi kuwa "upepo wa kusini mashariki" basi umeukata kipande, umeacha nusu yake.

Na hizi pepo ndizo zilizokuwa zinaendesha biashara nzima. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuwa yanashuka na kaskazi na tende, mazulia na samaki wa chumvi, yanakaa Unguja, Mombasa na Lamu, kisha yanarudi na kusi yamepakia boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu. Lakini sio kusi lote lilifaa, ule wa katikati ya mwaka ni mkali mno kwa jahazi, wengi walitoka mwanzoni kabla haujakaza au walisubiri mwishoni ulipolegea, kipindi kinachoitwa demani. Katikati ya misimu miwili pepo zinabadilikabadilika, hazina mwenyewe, na hapo Kiswahili kina neno ambalo ningependa sana lirudi kwenye utabiri: tangambili, au maleleji. Ni miezi ya Aprili na Novemba hivi, chombo kinaweza kutweka tanga kwenda kaskazini na kingine kikatweka kwenda kusini. Siku hizi watabiri wanatwambia "kipindi cha mpito wa mifumo ya upepo", maneno saba kwa kitu ambacho kilishapewa jina.

Ongeza na hizi ndogondogo za kila siku, ambazo muuza samaki unazihitaji kuliko mimi. Umande sio unyevu wa kwenye majani tu, pwani ni jina la upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini, kwa sababu usiku ardhi inapoa haraka kuliko maji, na wenye ngalawa wanatoka nao. Matlai ni upepo wa mashariki, unatoka baharini. Na matlai, ukiiangalia, inafuata kanuni ileile ya kule unakotoka.

Sasa kuna mahali mdogo wako angekuwa sahihi, na nafikiri ndiko mkanganyiko ulikoanzia kwa watu wengi. Mkondo wa maji unaitwa kinyume chake, tunataja kule unakokwenda. Tukisema mkondo wa kaskazini tunamaanisha maji yanakwenda kaskazini. Mbona upepo hivi na mkondo vile? Mtu aliye chomboni anaupokea upepo kwenye tanga, anachotaka kujua ni utampiga kutoka wapi ili ajue upande wa joshi na upande wa demani (ndiyo, demani ni msimu na pia ni upande wa chombo usiopigwa na upepo). Mkondo haumpigi, unambeba, swali lake ni utampeleka wapi. Ndio maana kwenye mkondo mimi nashauri uongeze neno moja tu, "mkondo wa kwenda kaskazini", hapo hakuna atakayepotea.

Na hapa lugha inagusa usalama wa watu, sio mapambo. Mkondo wa pwani yetu ya Tanzania unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unakimbia, wakati wa kaskazi unapungua kasi. Kwahiyo msimu wa kusi upepo na maji vinasukuma upande mmoja, ukitoka Dar kwenda Unguja unapelekwa, kurudi ndiyo kazi, inabidi kupiga bisho, kukata huku na huku ukipingana na vyote viwili. Msimu wa kaskazi upepo unashuka na maji yanapanda, vinakutana uso kwa uso, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama hata kama upepo wenyewe sio wa kutisha. Kijana akisoma "kaskazi" akadhani upepo unakwenda kaskazini sawa na mkondo, atatoka akitegemea maji laini na atakuta vingine kabisa.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, maana najua wengine watauliza: kusi na kaskazi nyingi utazisikia kwenye i-, kusi imeingia, kaskazi inavuma. Wapo wanaosema kusi limeanza, na wengi wanapatanisha na upepo wenyewe, kusi unavuma. Mimi zote nazisikia na zote natumia, hata humu ndani umeziona. Kwa wingi sema pepo za kusi, pepo za kaskazi. Neno pepo hapo ni wingi wa upepo, halihusiani na mapepo.

Swali la mwisho, bahari kuchafuka. Wanamaanisha mawimbi. Kuchafuka kwa Kiswahili sio kupata uchafu tu, ni kuvurugika, kutoka kwenye utulivu. Ndio maana tunasema tumbo limechafuka, hali ya hewa imechafuka, roho imechafuka mtu akitaka kutapika. Bahari iliyochafuka imevurugwa na upepo, kinyume chake bahari shwari au bahari imetulia. Taka zikiingia, mafuta yakimwagika, hapo kuna aliyefanya, tunasema bahari imechafuliwa, na tendo lenyewe ni uchafuzi wa bahari. Silabi zinapishana kidogo tu lakini habari ni mbili tofauti kabisa.

Kwahiyo jioni ukisikia wametoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa ukanda wa Tanga, Dar, Pwani na visiwa, na kwamba bahari itachafuka, hapo boti ndogo nyingi hazitoki. Agiza mzigo mapema, na baba mkwe muulize kaskazi hii italegea lini, atakuwa na jibu zuri kuliko la simu.