Kibarua mwaka wa 2, je nisubiri ajira ya kudumu?

Pole sana mdogo wangu. Unasema upo kiwandani kupitia wakala mwaka wa 2 sasa, mashine moja na wenye ajira ya kudumu ila mshahara nusu, na nafasi zikitoka hata huambiwi. Sio kwamba hujui kazi, hapo kuna milango miwili, wa kudumu wana NSSF, likizo, wanapandishwa kutoka ndani, nyie wa wakala mnachukuliwa order zikiwa nyingi zikipungua mnaachwa, ndo maana mtu anazeekea kwenye ukibarua na inauma kweli.

Usikae kusubiri tu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inasema ukifikisha miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, hata kama ni vimikataba vingi vya kuunga unga, unalindwa usiachishwe kiholela. Kwa hiyo tunza kila kitu, meseji za malipo, kitambulisho, ratiba za shifti. Wakikutoa una siku 30 tu kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, wengi wanachelewa hapo. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanapima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, kapate hicho cheti uombe kwingine ukiwa bado upo hapo.