Cheo cha Earl Kitchener: kaka alirithi, binti akakosa

SWALI: Lord Kitchener, yule jemadari wa Uingereza aliyekuwa kwenye tume ya kupima mipaka ya Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1885, hakuoa wala hakuacha mtoto. Vipi cheo chake cha ukabaila, Earl, kiliendelea hadi 2011? Na kwa nini kilikoma ilhali jamaa zake walikuwa hai? – Msomaji, Tanga

JIBU: Weka kando mirathi tuliyoizoea. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu asiyeacha mtoto wala baba hurithiwa na kaka yake kama asaba, yaani mrithi wa kiume anayechukua kinachobaki. Cheo cha Uingereza hakifuati njia hiyo. Huenda kule tu kulikotajwa na hati ya kifalme iliyokianzisha, na kwa kawaida hati hutaja uzao wa kiume, wa ndoa, wa aliyepewa kwanza. Kaka hakuzaliwa na mwenye cheo, basi hayumo.

Kitchener alikuwa na vyeo kadhaa: Baron, kisha Viscount kilicho juu yake, kisha Earl kilicho juu zaidi. Ubaroni wa 1898, aliotunukiwa baada ya vita vya Sudan, ulifuata kanuni hiyo. Meli HMS Hampshire ilipozama karibu na visiwa vya Orkney tarehe 5 Juni 1916 naye akiwamo, ubaroni ukafa siku ileile. Lakini alipofanywa Viscount mwaka 1902 alikuwa mseja wa miaka 52, na waandishi wa hati hawakuwa wajinga: waliongeza kifungu cha kuwaingiza ndugu zake wa kiume na uzao wao wa kiume. Hati ya Earl ya 1914 ikafanya vivyo hivyo. Ndipo kaka yake mkubwa, Henry, akawa Earl wa pili uzeeni.

Henry alifariki 1937. Mwanawe alikuwa ametangulia, kwa hiyo cheo kikamwangukia mjukuu wa miaka 18, aliyekaa nacho miaka 74 na kufa Desemba 2011 bila mtoto. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameshafariki, akaacha binti. Damu ilikuwapo, ila hati ilitaka mwanamume. Kichekesho ni kwamba mwaka 2013 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumsawazisha binti na kaka yake katika kurithi kiti cha ufalme, lakini vyeo vya koo havikuguswa.

Usikichanganye cheo kilichokoma na kile kilicholala, ambacho mrithi wake anaweza kuwapo ila hajathibitishwa. Hicho hudaiwa kwa ushahidi wa nasaba. Cha Kitchener kilikoma. Hakuna kesi ya kukirudisha. Mfalme akitaka Earl Kitchener mwingine, itabidi atoe hati mpya.