Fundi, nivute au nisivute?

Mwezi huu maswali mengi yanafanana: gari limezima mbali, nyumbani au kwa rafiki kuna pikapu, na mtaani yupo mtu anayekodisha kamba, chuma au tela. Haya ndiyo niliyochagua.

Shikamoo fundi. IST yangu ya oto imezima Dumila, mimi niko Morogoro mjini. Rafiki ana Hilux na tumekodi kile chuma chenye umbo la A. Tuivute ikiwa na magurudumu yote chini?

Marahaba. Hapana, usiivute hivyo. Ndani ya giaboksi ya oto kuna pampu ya mafuta, na kinachoizungusha pampu ni injini. Injini ikizimwa, magurudumu yanaendelea kuzungusha vyuma ambavyo havipati mafuta. Watu wananiambia, "Lakini niliweka gia kwenye N, yaani nyutro." N inaitenga injini tu, mafuta hailetei. Kuitoa katikati ya barabara, au kuifikisha gereji ya jirani kwa mwendo wa mtu anayetembea, sawa. Kutoka Dumila hadi mjini utaondoka na ubovu mdogo, ufike na giaboksi iliyoungua.

IST nyingi zinaendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ama yainuliwe hayo ya mbele, ama gari zima lipande tela. Mwenye Mark II ageuze hesabu, nguvu yake iko nyuma. Na nyie wa Forester, ambayo nguvu yake inakwenda magurudumu yote manne, msijaribu kuinua mawili na kuacha mawili yakizunguka, mtaua difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Yote manne yapande.

Hilux yangu kitabu kinasema inavuta tani tatu na nusu. Tela la kukodi lina kilo 700, gari juu yake ni tani moja. Si nimebakiza nafasi kubwa tu? (Kahama)

Soma mstari wa pili wa kitabu hichohicho. Ile 3,500 ni ya tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, Hilux inaruhusiwa kilo 750, basi. Tela lako likiwa tupu limeshamaliza karibu zote kabla hujapakia kitu.

Kuvuta si tatizo, dizeli ile ingevuta hata nyumba. Kasheshe iko kwenye kusimama. Ukitoka Singida na mzigo huo ukaanza kuteremka Sekenke, kilo 1,700 zinakusukuma mgongoni, na wa kuzizuia ni breki za pikapu peke yake. Dakika chache unasikia harufu ya kuungua, kisha pedeli inazama. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na uiweke kabla ya mteremko, siyo ukiwa katikati yake.

Kabla ya kulipa, nenda kalione tela. Mwenye nalo atakwambia lina breki. Vuta hendibreki ya tela, kisha msukume watu watatu. Likitembea, breki hizo ni pambo. Halafu piga magoti uangalie tairi. Usidanganywe na kashata nzima, matela ya kukodi hukaa uani juani miaka na mpira unakufa ukiwa na sura nzuri. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1216 maana yake lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2016. Ukiona nyufa ndogondogo pembeni, rudisha hela yako mfukoni.

Mume wangu ataendesha pikapu, mimi nitakaa kwenye gari bovu, tutatumia kamba. Kwangu mimi ni kushika usukani tu, au? (Tanga)

Dada, kazi ngumu amekupa wewe. Kwanza zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake. Ukiuacha kwenye kufunga, usukani utajifunga kwenye kona ya kwanza. Injini imezimwa, kwa hiyo usukani utakuwa mzito kama wa lori la zamani. Pedeli ya breki itakubali mara mbili au tatu, kisha itakuwa ngumu kama jiwe. Haijafa, busta inayousaidia mguu ndiyo imeishiwa nguvu. Kanyaga kwa nguvu zote, itashika. Jaribu uani kwanza ili mguu uzoee.

Ukiwa njiani macho yako yawe kwenye kamba, si kwenye nyumba za watu. Ikianza kulegea, gusa breki kidogo uirudishe iwe imekaza. Kamba ikilala chini halafu pikapu ikaondoka, inakatika. Yangu ilinikatikia hivyohivyo, ya nailoni, kwenye kilima kifupi tu. Kipande kilirudi kikavunja taa ya mbele ya gari lililokuwa likivutwa, na kijana aliyekuwa pembeni akishangilia aliokolewa na hatua moja. Tangu siku hiyo natupia turubai au gunia zito katikati ya kamba, ili ikikatika isiruke, na watazamaji nawafukuza bila aibu.

Funga kwenye pete ya kuvutia. Magari mengi madogo pete hiyo iko na vifaa vya tairi la akiba, unaifungia kwenye tundu lenye kifuniko kwenye bampa. Usifunge kwenye bampa lenyewe, wala kwenye vyuma vya usukani. Kubalianeni ishara za mkono kabla ya kuondoka, maana betri ikiwa imekufa hata honi huna. Mkisimama, wekeni pembetatu. Majani ya miti madereva wote wanayaelewa, lakini usiku hayang'ai.

Nahama kutoka Columbus, Ohio kwenda Texas. Nina pikapu ya F-150 na nimekodi tela la kubebea gari kwa kampuni ya U-Haul. Nikifika maili 60 kwa saa tela linaanza kutikisa mkia. Nakuandikia nikiwa Kentucky.

Jibu hili pengine litakukuta Texas, lakini wapo wengine njiani. Kampuni hiyo yenyewe inaweka ukomo wa maili 55 kwa matela yake, kwa hiyo dawa ya kwanza unayo mguuni. Ya pili, angalia gari limeelekea wapi. Lipande likitazama mbele, injini iwe upande wa pikapu. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa ilalie kwenye kiungio. Mzigo ukizidi nyuma, tela linaanza kucheza.

Likianza, usipige breki na usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, liache litulie lenyewe. Ukisimama, kagua kama mpira wa chuma ulio nyuma ya pikapu unalingana na kikombe cha tela kinachoufunika. Mpira wa inchi 1 na 7/8 unaingia vizuri kabisa kwenye kikombe cha inchi 2, kisha unachomoka kwenye shimo la kwanza. Minyororo ipite chini kwa kuvukana, ili kiungio kikichomoka kidakwe kisichimbe lami. Na mikanda ya matairi ikaze upya baada ya maili chache za kwanza, lazima italegea.

Kurudi nyuma na tela kunanishinda kabisa. (Kibaha)

Shika usukani kwa chini, pale penye namba 6 kwenye uso wa saa. Mkono ukienda kushoto, tela linakwenda kushoto. Likianza kujikunja, usibishane nalo, songa mbele unyooshe uanze tena.

Watoto wamelala vizuri ndani ya gari lililo juu ya tela. Kuna ubaya tukiwaacha humohumo?

Upo. Washushe.