Fundi welda kugombea udiwani kata ya Unga Limited, Arusha, bila chama?

Haiwezekani, ndugu. Sheria yetu haina mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapohapo Arusha, iliamua mwaka 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini sheria haijabadilika. Kwa hiyo huyo fundi wenu, hata kama mtaa mzima unamjua kwa kutetea wenye vibanda, atafute kadi ya chama mapema apite kura za maoni, yaani mchujo wa ndani ya chama.

Umri ni kuanzia miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Digrii haiulizwi, na uwelda ni kipato halali.

Wanaoanguka huangukia kwenye fomu. Wadhamini wasipungue 10, wote wameandikishwa kupiga kura kata hiyohiyo. Akusanye 15, maana wateja wengi wa gereji wanatoka kata nyingine kama Sombetini au Ngarenaro na hao hawahesabiki. Jina lifanane na kadi ya mpiga kura, "Fundi" fulani asiliandike. Tamko aape mbele ya hakimu, dhamana shilingi 5,000, na siku ya uteuzi arudishe fomu asubuhi: saa 10 jioni mlango unafungwa, kosa halirekebishiki tena.