Panya gizani: si lazima umpake rangi
Mkuu, umeuliza kama ni lazima umpake panya rangi mgongoni ndipo kompyuta ifuate mienendo yake kwenye video ya gizani. Hapana. DeepLabCut, programu ya bure iliyotoka 2018, hufuata pua, masikio na shina la mkia bila alama yoyote. Unaweka nukta kwa mkono kwenye viungo hivyo katika picha kama 200 hivi za video zako, yenyewe inajifunza, kisha inamaliza video zilizobaki. Ila picha hizo zichanganye: anatembea, anasimama kwa miguu ya nyuma, anajisafisha uso. Ukiweka za kutembea tu, akianza kujisafisha nukta ya pua itahamia kwenye kiganja.

Kazi kubwa iko kwenye mwanga. Panya huchangamka usiku. Ukiwasha taa kali unapima woga wake, si mwenendo wake wa kawaida. Tumia taa za infraredi, yaani mwanga ambao macho ya panya hayauoni, urefu wa wimbi wa nanomita 850 unatosha, na kamera isiyo na kichujio kinachozuia infraredi, la sivyo utapata giza tupu. Panya mweupe awekewe sakafu nyeusi, lakini ijaribu kwanza: kuna plastiki nyeusi kwa macho yetu ambazo kamera hiyo inaziona kijivu. Na kuta zinazong'aa ziepuke, zitakuzalishia panya wa pili.